Zamu ya Kusikizwa

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ya ubao uliooshwa. Sisemi ubao mkubwa wa ukutani wanaouandikia walimu wa leo, bali ubao wa mkononi, ambao kila mtoto wa chuoni alikuwa na wake. Tuliuandika kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, na somo likishakaa kichwani tuliuosha uani, penye pipa la maji, tukauegemeza ukutani ukauke. Asubuhi, jua lilipokuwa halijashuka kwenye vichochoro vya Kibokoni, mbao zilikuwa bado na umajimaji, na chumba kizima kilinuka masizi, mti uliorowa na mikeka ya ukili. Mpaka leo, nikipita mahali mtu anasugua sufuria zenye masizi, husimama kidogo nikavuta pumzi. Wajukuu wangu hudhani ni magoti yananiuma, nami huwaacha wadhani hivyo, maana magoti nayo yananiuma kweli.

Chuo, au madrasa kama wanavyopenda kusema siku hizi, kilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya Mwalimu Bi Time, mjane aliyekuwa akiwasomesha Kurani wasichana pamoja na wavulana wadogo. Nazungumzia miaka ile reli ilipokuwa bado kitu kipya, watu wakitembea kwa miguu hadi Kilindini kutazama tu mizigo ikishushwa, na Ngome ya Yesu ilikuwa jela ambayo mama zetu waliitumia kututisha. Mwalimu alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na hapo chuoni sikumwona hata mara moja ameketi mikono mitupu. Alisuka ukili huku akitusikiliza. Tulimkalia mbele mmoja mmoja, ukasoma, na vidole vyake vikaenda. Ukikosea hasemi neno, mikono husimama. Basi unarudi nyuma, unatafuta ulipojikwaa, na ukishapapata ukili unaendelea. Kuna siku nilirudia aya moja mpaka machozi yakanilengalenga, na mikono ile haikusogea mpaka nilipoitamka herufi mahali pake. Bakora ilikuwapo, imetundikwa ukutani, lakini ilikuwa imeshika vumbi. Hatukuihitaji.

Tulikuwa wachache siku hizo, ishirini hivi, na kila mtoto alisikizwa kila siku. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya chuo kile: hakuna aliyevuka somo mpaka alisome mbele ya Mwalimu mwenyewe, naye aseme, "Haya, songa." Hata ungekuwa unalisoma usingizini, hata mama yako angekuwa amekusikiliza nyumbani na kukusifu, kama Mwalimu hajakusikia, hujasoma. Wala hatukuona kuwa ni ukali. Tuliona ni raha. Nyumbani kwetu nilikuwa mtoto wa tano, na kusema jambo mpaka mwisho bila kukatizwa ilikuwa bahati ya nadra. Pale kwenye mkeka, kwa muda wa somo langu, mtu mzima mwenye akili zake timamu alikuwa wangu peke yangu. Nilikuwa nikikimbia njia nzima asubuhi kukiwahi kitu hicho.

Tulianza na sura fupi za mwisho wa msahafu, tukapanda kidogo kidogo, mpaka mtoto anafika Baqara, sura ndefu kuliko zote, na akiimaliza hiyo amehitimu. Siku ya hitima msichana alivishwa nguo mpya, akaketishwa katikati ya wanawake, akasoma kurasa za mwisho mbele yao, kisha Mwalimu akamshika mkono na kutangaza kwamba amemsikia Kurani nzima, herufi kwa herufi. Bibi yangu alisemewa maneno hayo, na mama yangu, na dada zangu wawili. Lakini msichana wa mjini alikuwa na mpaka wake. Akishavunja ungo aliwekwa ndani. Hatoki tena mchana, na chuoni harudi. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na mbio zake za siri, baina ya msahafu na mwili wake. Mimi nilipoingia Baqara kifua changu kilikuwa bado kama cha kaka yangu, nikajiona nimeshashinda.

Kisha mwalimu wa mtaa wa pili, mzee aliyekuwa na chuo kikubwa kuliko chetu, alikwenda kuhiji akafia huko huko. Habari ilipofika mjini watu walikaa matanga, na matanga yalipokwisha wazazi wakaanza kuja kwa Bi Time na watoto wao. Kwetu siku hizo mtoto hakuandikishwa chuoni, alikabidhiwa. Mama alimshika mkono mwanawe, akamleta na sahani ya haluwa na kipande cha ubani, akamketisha mbele ya mwalimu. Mwalimu akishauchukua ubani na kuutia kwenye chetezo, mtoto yule ni wake. Na kurudisha ubani wa mtu ni kumfukuza mwanawe mbele ya watu, jambo ambalo Bi Time asingelifanya hata kwa kushikiwa kisu. Nakumbuka alivyoletwa Mishi, kijisichana chenye mashavu mapana, mama yake akiwa amesimama pale mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukanyaga.

"Bi Time, najua wamekujaa," akasema yule mama. "Lakini huyu nimpeleke wapi?"

Mwalimu alitutazama tulivyobanana mpaka kwenye ngazi, akacheka kidogo. "Mlete, mwanangu. Atakaa."

Akauchukua ubani. Wiki ile chetezo hakikupoa. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia tulikuwa zaidi ya sitini, chumba ni kile kile, na masikio ni yale yale mawili.

Kwanza nilikosa kusikizwa siku moja, nikadhani ni bahati mbaya. Halafu ikawa siku tatu, halafu juma zima. Nilikuwa nikija asubuhi na somo langu liko tayari, nakaa nalo mdomoni mpaka adhuhuri, narudi nalo nyumbani. Mwalimu alikuwa akiwachukua watoto wawili wawili, mmoja kwa kila sikio, na tulijua kwamba anajidanganya, maana mikono yake ilisimama tukashindwa kujua nani kakosea. Ikambidi kuomba msaada. Aliniita siku moja, akanipa kijiti cha kufuatia herufi na kundi la watoto wadogo, Mishi akiwa mmoja wao, akaniambia, "Rukiya, wewe wajua. Nishikie hawa." Kichwa kilinivimba, sikatai. Nilikaa na kijiti changu nikaongeza hata sauti ya ukubwa ambayo mama alikuja kunikataza nyumbani.

Lakini kadiri nilivyosomesha vizuri ndivyo nilivyoongezewa watoto, na kadiri nilivyoongezewa ndivyo zamu yangu ilivyosogezwa mbele. Mtoto mzito aliitwa haraka, kwa sababu Mwalimu alimhofia. Mtoto mtundu aliitwa haraka, ili atulie. Mimi sikuwa mzito wala mtundu, nikawa sina sababu ya kuitwa. "Wewe ntakusikiza kesho," alikuwa akiniambia, na alisema kwa upole wa kweli, na kesho yake akaniambia tena. Nilimwonea wivu Mishi, ambaye hakuweza kutofautisha herufi mbili mpaka azitie kidole, na ambaye kila asubuhi alikaa mbele ya mkeka ule akigugumia huku Mwalimu akimngojea. Nilikuwa namfundisha mimi, lakini aliyekuwa akisikizwa ni yeye.

Sasa, katika mji wetu, ukimwona msichana ameshika kijiti na wenziwe wamemzunguka, huulizi. Huyo amehitimu. Kijiti hicho hakikuwahi kupewa mtu ambaye hajamaliza, mpaka mwaka ule. Shangazi yangu Zuhura alipita chuoni kumpelekea Mwalimu mahamri, akachungulia ndani, akaniona. Hakumwuliza mtu. Alikuja moja kwa moja nyumbani na kuanza kumlaumu mama kabla hajavua viatu.

"Wifi, mwana amehitimu nanyi mwanyamaza kimya! Mwamficha nani? Sisi ni mahasidi?"

Mama alidhani kwamba Mwalimu, kwa wingi wa watoto, amesahau kuleta habari. Akaona aibu, akamwambia baba. Baba akaona aibu zaidi, akanunua mbuzi. Mimi sikuulizwa, kwa sababu msichana hazungumzi hitima yake mwenyewe, ni kujisifu. Nilimwona mbuzi uani nikadhani ni wa maulidi, nikampa maganda ya ndizi. Nguo yangu ilishonwa kwa siri. Jirani wa mkono wa kulia aliahidi kupika biriani, na wa mkono wa kushoto akanuna kwa kuwa hakuambiwa yeye. Ndipo Mwalimu akaitwa, alasiri moja, achague siku.

Alikuja akiwa amejitanda, akaketi, akanywa kahawa nusu kikombe. Alionekana amechoka sana. Mama akaniita nikae pembeni, akatabasamu.

"Mwalimu, twataka utuchagulie siku njema."

"Siku ya nini, mwanangu?"

"Ya hitima ya Rukiya."

Mwalimu aliniangalia, kisha akaangalia mikono yake iliyokuwa haina ukili siku ile. "Bado," akasema.

"Bado vipi?" shangazi akadakia. "Naye asomesha?"

"Asomesha kwa kuwa nimeelemewa. Baqara sijamsikiza hata nusu." Akakisogeza kikombe pembeni. "Kosa si lake, wala si lenu. Zamu yake nimewapa wana wa watu. Nimemla haki yake, nami namwona kila siku."

Kwangu mimi aibu ilikuwa kubwa, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, furaha ya ajabu kwamba alikuwa akiniona. Baba, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili, alisema kwa sauti kwamba mbuzi tutamla tu, si neno. Mama hakucheka. Alinitazama tangu kichwani mpaka miguuni, kama mwanamke anavyotazama nguo inayoanza kubana, akamwambia Mwalimu polepole, "Bi Time, huyu hana siku nyingi."

"Najua. Nileteeni alfajiri, kabla wenziwe hawajaya."

Hapo ndipo ulipoanza msimu ambao nikifumba macho sasa hivi nauona. Kaka yangu alinisindikiza baada ya sala ya alfajiri, vichochoro vikiwa vitupu, muuza kahawa ndiye kwanza anawasha makaa. Mwalimu aliniachia mlango wazi. Chumba kile nilichokizoea kimejaa makelele kilikuwa kipana kumbe, na mikeka ilikuwa na mistari myekundu ambayo sikuwahi kuiona kwa sababu daima ilikuwa imekaliwa. Nilikaa mbele yake nikasoma. Ukili ulikwenda. Nikikosea mikono ilisimama, nami nikarudi, na hapakuwa na mtu wa kunivuta shungi wala wa kulia kwamba kaibiwa kalamu. Nikimaliza alinipa nusu ya mkate wake. Kuna siku aliniuliza maoni yangu juu ya jambo, sikumbuki jambo lenyewe, nakumbuka tu kwamba aliniuliza na akangoja nijibu. Katika maisha yangu nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimeheshimiwa na watu wengi. Lakini sijapata tena kukaa mbele ya mtu aliyenipa masikio yake yote namna ile, na sioni haya kusema kwamba nimemwonea hamu Mwalimu yule kuliko nilivyowaonea hamu baadhi ya jamaa zangu.

Nilikuwa nimeipita Ayatul-Kursi, zimebaki kurasa chache, mama alipokuta doa kwenye nguo yangu. Hakunikasirikia. Alinikumbatia akaanza kulia, na mimi nikalia kwa sababu yangu. Asubuhi iliyofuata nilisikia kaka akitoka peke yake kwenda kumwambia Mwalimu. Nilipewa chumba cha juu, chenye dirisha linalotazama mapaa, na kutoka pale, upepo ukiwa mzuri, niliwasikia watoto wa chuoni wakisoma kwa pamoja. Nilisoma nao. Wakati mwingine nilitambua sauti ya Mishi ikichelewa nyuma ya wenziwe, nikamrekebisha kwa kunong'ona, kana kwamba angeweza kunisikia.

Mwalimu aliahidi kuja Ijumaa, siku ambayo chuo hufungwa, animalizie. Zilipita Ijumaa kadhaa bila yeye kutokea, maana hata siku hiyo wazazi walimfuata nyumbani. Mwishowe alikuja. Alipanda ngazi akishika ukuta, akaketi kwenye mkeka wangu, akatoa ukili wake kwenye kikapu. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama alituachia chumba. Nikafungua msahafu nikaanza, nikijua kwamba kurasa zile zikiisha nimehitimu, na mama angepata kusimama mbele ya wifi yake bila kuinamisha kichwa.

Nilikuwa nimekwenda kidogo mikono ikasimama. Nikarudi aya moja nyuma, nikaisoma kwa uangalifu zaidi. Haikusogea. Nikarudi tena, nikavuta pa kuvuta, nikasimama pa kusimama, nikajaribu kila herufi niliyoishuku. Haikusogea. Sikuthubutu kuinua macho, kwa sababu kumtazama Mwalimu usoni wakati wa kusoma ilikuwa utovu wa adabu. Nilipoinua hatimaye, nilikuta kichwa chake kimeegemea ukuta na mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa amelala.

Ningeweza kumgusa goti. Ningeweza kukohoa. Nilimtazama vile vidole vilivyopasuka kwa ukili, na yale makunyanzi yaliyokuwa hayapo mwaka uliopita, nikaona kwamba sitaweza. Nilipunguza sauti nisije nikamwamsha. Nikasoma hivyo, kwa kunong'ona, mpaka aya ya mwisho ya Baqara, nikafunga msahafu, nikakaa nikimlinda mpaka alipozinduka kwa adhana ya alasiri.

"Umefika wapi, mwanangu?" akauliza, na mikono ikaanza kusuka kabla macho hayajafunguka sawasawa.

"Nimemaliza, Mwalimu. Lakini ulikuwa umelala."

Alinishika mkono. Nilidhani atasema tu yale maneno, kwa huruma, na nina hakika alifikiria kuyasema. Badala yake akasema, "Ntakuya Ijumaa. Ntakuya nimelala kabisa, nimeshiba usingizi. Ningojee."

Nikamngojea. Lakini mwanawe aliyekuwa Pemba alipata habari za hali yake, akaja na meli katikati ya juma lile, akamkuta ameshikwa na homa, akamchukua akapumzike kwake. Mimi nilijua kwa kimya. Niliamka asubuhi, nikakaa dirishani, upepo ulikuwa mzuri na hakuna sauti ya mtoto iliyokuja. Watu walisema atarudi baada ya masika. Hakurudi. Watoto wake wa chuoni walitawanywa katika vyuo vingine, ambavyo navyo vilikuwa vimejaa. Baba alitaka kuniletea mwalimu mwingine anisikize kurasa zile chache, nami nilikataa. Nilikuwa na kichwa kigumu, na nilikuwa nikimngoja mtu. Kisha posa ikaja, na mambo ya posa hayangoji.

Mji umebadilika sasa, na wajukuu zangu wasichana wanatoka mchana wamevaa sare za shule na viatu vya kamba, jambo ambalo nalishukuru kila nikiliona. Nami nimezeeka mpaka wanawake wa mtaani wananiketisha mbele kwenye kila khitma ya kumwombea marehemu. Hunikabidhi msahafu wa kwanza, kwa sababu husema Bi Rukiya kisomo chake ni kizuri. Nikipangiwa sehemu yenye kurasa zile za mwisho wa Baqara, humpa msahafu aliye karibu yangu. Wao husema ni heshima, bibi yule anawapisha wadogo. Sijamweleza mtu yeyote. Kurasa hizo nazijua bila kitabu, nazisoma kila nikikaa peke yangu, lakini hakuna mtu aliyenisikia nikizisoma.

Juzi nilikwenda mkutano wa wazazi shuleni kwa mjukuu wangu Salma, kwa kuwa mama yake alikuwa kazini. Mwalimu mkuu alieleza kwamba watoto wamezidi sana na walimu ni wale wale, kwamba darasa la Salma pekee lina watoto sitini na kitu na mwalimu mmoja, na kwamba serikali inalitazama jambo hilo. Wazazi walipiga makofi. Sijui walikuwa wakishangilia nini. Nilimwona mwalimu wa darasa lenyewe amekaa nyuma, kijana wa kike, mwembamba, kashika kichwa. Nilitaka kwenda kumwambia aende akalale. Baada ya mkutano nilimwuliza Salma, tukiwa njiani, mwalimu wake alimsikia lini mara ya mwisho akisoma, yeye peke yake, mpaka mwisho.

Alifikiri. Tukapita duka la kwanza, na la pili, na bado alikuwa akifikiri, mtoto wa watu, akitafuta siku ambayo haikuwapo. "Mimi najua kusoma, bibi," akasema hatimaye. "Kwa hivyo haniiti."

Niliingia naye ndani, sikuvua hata buibui. Nikamketisha kwenye mkeka mbele yangu, nikamwambia atoe kitabu, chochote, cha Kiingereza hata kama sikielewi. Aliuliza asome ukurasa gani. Nikamwambia aanze mwanzo, na asiharakishe, maana leo sina mtoto mwingine ila yeye.